Debe Lililoombewa

Mwalimu mmoja alikuwa na daftari la mafungu. Aliitwa Elikunda, na alifundisha hisabati darasa la tano katika shule moja ya kanisa huko juu milimani Upareni, mahali ambapo ukungu hauondoki kabla ya saa nne na mahindi hukauka kwa kubembelezwa. Daftari lenyewe lilikuwa dogo, jalada lake la buluu limechakaa pembeni, na ndani yake kila mada ya hisabati ilikuwa imetafutiwa fungu lake la Biblia. Kugawanya kulikuwa na mikate mitano. Kutoa kulikuwa na yule kondoo mmoja aliyepotea kati ya mia. Namba kubwa zilikuwa na nyota za Ibrahimu. Pembe zilikuwa na jiwe kuu la pembeni, na hilo Elikunda alijivunia kidogo, maana walimu wa shule za jirani walikuwa wamehangaika mwaka mzima kutafuta fungu la pembe wasilipate.

Hakuliandika daftari lile kwa kupenda makuu. Lilitakiwa. Chini ya kila andalio la somo shuleni pale palichapwa kisanduku chenye maneno "Neno katika Somo," na mwalimu aliyekiacha kitupu aliitwa ofisini. Msimamizi wa elimu wa dayosisi alipokuja kukagua, alianza na visanduku. Alivipitia kwa kidole, kimoja kimoja, na muda ukibaki ndipo aliingia madarasani. Kwa miaka kumi na moja Elikunda hakuacha kisanduku kitupu hata kimoja. Asubuhi aliandika fungu la siku kwa chaki nyekundu juu ya ubao, akalipigia mstari, halafu akateremka chini ya ule mstari akafundisha hesabu kwa chaki nyeupe. Ile nyekundu na ile nyeupe hazikuwahi kukutana.

Msinielewe vibaya, ndugu zangu. Mama huyu alimpenda Mungu, na watoto aliwapenda. Ni mazoea tu yalikuwa yamemkalia, na mazoea hayabishi hodi.

Shule ile ilikuwa pia na debe. Mchana watoto walikula makande, na mahindi ya makande yaliletwa na wazazi, madebe mawili kwa kila mtoto kila muhula. Debe la kupimia lilikuwa la bati zito, lililofuliwa na fundi wa usharika mwaka shule ilipofunguliwa. Siku ya ufunguzi, mchungaji wa kwanza aliliwekea mikono mbele ya watu wote, akaomba liwe kipimo cha haki kwa vizazi na vizazi. Mtu mwingine akaandika ubavuni mwake kwa rangi nyeupe: BWANA ANAONA. Mchungaji yule amekwisha kulala, na rangi imefifia, ingawa bado inasomeka. Wazazi waliliita Debe Lililoombewa. Tangu siku ile hakuna aliyelipima, kwa maana nani ana ujasiri wa kupima kitu kilichowekewa mikono?

Tena debe lile lilikuwa na ushuhuda wake. Kila mwisho wa muhula ghalani yalibaki magunia manane ya mahindi, pengine tisa, wakati kwa hesabu yalipaswa kuwa yamekwisha. Mpishi aliapa kwamba hajaona shule ya namna hiyo. Mwalimu Mkuu Kiangi, mtu mpole mwenye sauti nzuri ya kusomea Neno, aliutoa ushuhuda huo kanisani mara nyingi, na mara moja aliutoa kwenye mkutano mkuu wa dayosisi: ghala letu halipungui, Bwana mwenyewe analijaza. Watu waliitikia amina, na wapo waliolia.

Ikafika mwanzo wa muhula wa pili. Elikunda alikuwa mwalimu wa zamu, kwa hiyo kupima ilikuwa kazi yake. Akasimama barazani na orodha ya majina, debe mbele yake, foleni ya wazazi ikishuka mpaka kwenye bomba la maji. Wazazi wa siku nyingi walikuja na gunia, na pembeni ya gunia kikapu chenye nyongeza. Gunia likiisha kabla debe halijajaa, walijazia kwa kikapu bila kuuliza. Nyongeza hiyo waliiita ya Bwana. Walikwisha kuizoea kama walivyozoea mlima wenyewe.

Mama Niwaeli hakuwa na kikapu. Alikuwa mgeni, binti yake alikuwa amehamia shuleni mwaka ule, naye alilima peke yake kwenye mteremko wenye mawe mengi kuliko udongo. Akamimina. Debe la kwanza likajaa. La pili likaishia chini ya ukingo, pengo la upana wa kiganja.

Akashtuka. "Mwalimu, jana nimeyapima kwa ndoo ya dukani, ile ya lita ishirini. Ndoo mbili, zimejaa mpaka zikamwagika."

Elikunda alikuwa amechoka, na jua lilikuwa limemfika kichwani. "Mama Niwaeli," akasema, "debe hili limeombewa. Haliwezi kusema uongo."

Hakumwita mwongo. Hakuwa na haja. Kama debe halisemi uongo, basi yupo mwingine aliyesema, na foleni nzima iliifanya hesabu hiyo bila chaki. Mtu mmoja nyuma akanong'ona, na hakunong'ona kwa siri, kwamba njia ya mwongo ni fupi. Mama Niwaeli akakunja gunia lake mara nne, polepole, akalitia kwapani, akaondoka bila kumwangalia mtu. Na kwa kuwa sheria ni sheria, binti yake Niwaeli, mtoto wa darasa la tano, darasa la Elikunda mwenyewe, alirudishwa nyumbani mpaka pengo lijazwe.

Lilijazwa baada ya wiki mbili. Elikunda aliyapokea yale mahindi, akatia alama kwenye orodha, asijue yametoka wapi. Mimi nitawaambia. Yalitoka darini, juu ya jiko, yalikokuwa yametundikwa kwenye moshi yasiliwe na wadudu. Yalikuwa mbegu ya vuli.

Katika wiki hizo mbili darasa la tano lilikuwa limeingia mada ya ujazo. Daftari la buluu lilikuwa na fungu lake tayari, lile lisemalo kwamba Mungu huchukia kipimo cha hila na hupendezwa na kipimo cha haki. Elikunda akaliandika kwa chaki nyekundu, akalipigia mstari. Chini yake akaandika kwa nyeupe: debe moja ni lita ishirini. Watoto wakasema pamoja, debe moja ni lita ishirini, wakasema tena na tena mpaka wa mwisho darasani akaweza kusema hata kama angeamshwa usingizini. Niwaeli hakuwapo.

Aliporudi ilikuwa siku ya vitendo. Muhtasari wa somo ulidai watoto wapime vyombo vya mazingira yao kwa mikono yao, na chombo kikubwa cha karibu kilikuwa lile debe. Elikunda akaliomba kwa mpishi, akawapanga watoto arobaini na wawili kuzunguka bomba, akawapa chupa za lita moja, akawaambia wamimine, wahesabu, waandike. Kisha akaketi kwenye ngazi ya darasa na kuinamisha kichwa. Msimamizi alikuwa anakuja Jumatatu, na fomu za andalio zilikuwa zimebadilishwa, kwa hiyo visanduku vya wiki tatu vilitakiwa vijazwe upya. Akawa ananakili mafungu. Alisikia watoto wakihesabu kwa sauti. Alisikia wakifika ishirini. Kisha akasikia kabishano, halafu kimya, halafu maji yakimiminwa tena. Hakuinua kichwa, maana alikuwa ameshika kisanduku cha Alhamisi.

Baada ya makande akasahihisha. Kazi ilikuwa nyepesi. Ishirini, tiki. Ishirini, tiki. Madaftari yakapita mkononi, na kalamu nyekundu ikazoea mkunjo mmoja. Akafikia daftari la Niwaeli. Humo kulikuwa na ishirini na mbili na nusu. Elikunda akaweka alama ya kosa, akaandika pembeni, "Rudia kuhesabu," na moyoni akasema, ndiyo hasara ya mtoto kukosa shule.

Alikuwa anataka kulifunga daftari alipoona vijiti. Chini ya jibu, mtoto alikuwa amechora kijiti kimoja kwa kila chupa iliyomiminwa, na kila vikifika vitano amevifunga kwa mstari wa kukata, kama alivyofundishwa na Elikunda huyo huyo darasani. Mafungu manne ya vitano. Kisha vijiti viwili. Kisha kijiti kifupi, nusu ya wenzake. Hakuna palipofutwa. Ilikuwa kazi safi kuliko zote arobaini na mbili.

Akainuka na chupa ya lita moja, akaenda jikoni kwenye debe. Nawaambia kweli, hakwenda kutafuta ukweli. Alikwenda kuithibitisha kalamu yake. Akamimina na kuhesabu, na alipofika ishirini akachungulia. Maji yalikuwa chini ya ukingo. Akaishuku chupa, akatafuta ndoo ya lita ishirini, akaanza upya. Ndoo ikaisha, debe halijajaa. Ndipo akapitisha vidole kwenye ukingo akakuta alichokuwa hajawahi kukigusa: utepe wa bati wa vidole viwili, uliochomelewa kuzunguka mdomo mzima. Mpishi akakumbuka. Mwaka ule wa mvua kubwa ukingo ulioza, fundi akauimarisha kwa utepe uliouongezea kimo. Na kitako, kwa kugongwa sakafuni miaka yote ili mahindi yatulie, kilikuwa kimetoka tumbo kwa nje.

Hapakuwa na mwizi. Hilo ndilo lililomtisha Elikunda kuliko kama angekuwapo. Watu wema walikuwa wameshika kipimo kibaya kwa mikono safi, na kila muhula walimshukuru Mungu kwa magunia manane. Akakumbuka lile pengo la upana wa kiganja. Akakumbuka gunia likikunjwa mara nne. Aibu ikampanda mpaka masikioni, akaketi sakafuni kando ya debe palepale jikoni, mpishi akimuuliza kama anaumwa.

Wino mwekundu haufutiki. Elikunda alirudi mezani, akalifungua daftari la Niwaeli, na kando ya alama ya kosa akaandika: "Kosa ni la mwalimu." Kisha akayarudia yale madaftari arobaini na moja, moja moja.

Asubuhi watoto walipoona tiki zao zimegeuzwa, walinung'unika. Elikunda akawauliza swali moja tu: nanyi mliona nini? Kiranja akasimama. Alikuwa mtoto hodari, wa kwanza darasani.

"Tuliona ishirini haijajaa, Mwalimu. Tukajua sisi ndio tumekosea. Debe limeombewa."

Elikunda akaisikia sauti yake mwenyewe ikitoka katika kinywa kile. Akamgeukia Niwaeli, akamuuliza naye kwa nini hakuandika kama wenzake.

"Sikuwapo mlipojifunza jibu," Niwaeli akasema, akiangalia dawati. "Nikaandika nilichoona."

Juu ya ubao fungu la kipimo cha haki lilikuwa bado lipo, kwa chaki nyekundu. Lilikuwa limekaa pale juu ya vichwa vyao karibu wiki mbili.

Saa ya mapumziko Elikunda alikwenda ofisini. Akalieleza jambo lote, hakuficha hata kile alichokisema barazani. Mwalimu Mkuu Kiangi alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza rangi ilimtoka, kwa sababu ni mtu wa hesabu pia: lita mbili na nusu kwa debe, madebe mawili kwa mtoto, watoto mia mbili. Magunia manane. Akakitazama cheti cha maandalio bora kilichoning'inia ukutani, kisha akakitazama kitabu chake cha mahubiri.

"Mwalimu," akasema mwishowe, kwa upole wake uleule, "likizo ikifika tutalipeleka kwa fundi kimyakimya. Akate ule utepe, anyooshe kitako. Haki itakuwa imetendeka, na jina la Bwana halitatukanwa. Jumatatu tuna ugeni."

Na mtu asije akamcheka. Yalikuwa maneno ya busara. Mahindi ya muhula ujao yangepimwa sawasawa, mchungaji marehemu asingevunjiwa heshima, na wazazi wasingekuwa na neno. Hata Elikunda yalimwingia moyoni. Alikuwa na miaka kumi na moja pale, na msimamizi angeweza kumhamisha kwa barua ya mistari mitatu. Akashukuru, akainuka, akafika mlangoni. Mkono ukiwa juu ya kitasa akasimama.

"Mwalimu Mkuu, yule mama tulimfanya mwongo barazani. Jina lake hatuwezi kumrudishia ofisini."

Nje watoto walikuwa wanacheza rede. Kiangi akavua miwani, akayapangusa macho kwa kitambaa. "Nimewaliza watu kanisani kwa magunia yale," akasema. Akaivaa tena miwani: "Ijumaa kuna kikao cha wazazi. Walete watoto wako na chupa zao."

Ijumaa debe likawekwa barazani, mahali pake palepale, na watoto wa darasa la tano wakamimina maji mbele ya wazazi wote wakihesabu kwa sauti moja. Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini. Hapo sauti za watoto zikasita, kwa desturi. Elikunda akawaambia waendelee. Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Chupa ya mwisho iliishia nusu, na maji yakasimama kwenye ukingo. Ungeweza kuwaona wazee wa vikapu wakianza kuhesabu miaka yao.

Mama Niwaeli alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na njia, kama mtu ambaye hakutaka kuja. "Mama Niwaeli," Elikunda akasema kwa sauti ya kusikika kote, "debe lilikosa, na mimi nimekosa kuliko debe, kwa sababu debe halina macho. Ulipima sawasawa. Nisamehe mbele ya hawa walionisikia."

Mzee mmoja wa kanisa akasimama kwa hasira, akigonga fimbo. Debe la mchungaji linadhalilishwa, akasema, na watoto wanafundishwa kukosa adabu kwa vitu vya madhabahuni. Watu wakatazamana, maana wengi walikuwa wanawaza hivyohivyo. Mwalimu Mkuu ndiye aliyemjibu.

"Mzee wangu, mchungaji aliomba liwe la haki. Leo ndiyo tunaitikia amina."

Watu wakamfungulia Mama Niwaeli njia, ingawa hakuiomba, akaja mpaka mbele, akalitazama debe, akaweka kidole kwenye ule utepe wa bati. "Hata mimi," akasema, "nilikuwa nimeanza kujishuku. Nikadhani labda sijui kupima." Akamshika Elikunda mkono kwa mikono miwili, na wote wawili wakalia, na hilo halikuwa kwenye ratiba ya kikao.

Sitawaambia kwamba yote yakawa mazuri siku ileile. Mzazi mmoja alimhamisha mtoto wake. Wawili walitaka warudishiwe mahindi ya miaka saba, wakasahau kwamba watoto wao ndio walioyala. Yule mzee wa fimbo alikaa mwezi mzima bila kumwamkia Elikunda. Lakini mahindi yaliyozidi muhula ule yalirudishwa, lita tano kwa kila mtoto, na kila mzazi akajipimia kwa ndoo yake mwenyewe. Mama Niwaeli akabeba zake akapanda nazo mlimani. Akazirudisha darini, juu ya moshi.

Jumatatu msimamizi wa dayosisi akaja. Akavua koti, akaomba maandalio, akaanza kupitisha kidole. Alipofika kwenye somo la ujazo akasimama. Kisanduku kilikuwa kitupu. Akainua macho, akauliza Neno katika somo hili liko wapi.

Elikunda hakulifungua daftari la buluu. Aliweka mezani daftari la Niwaeli, limefunuliwa kwenye ukurasa ule: jibu, vijiti, alama ya kosa, na yale maneno manne ya mwalimu kando yake. Msimamizi akauliza, akaelezwa. Akaomba alione debe, akapelekwa jikoni, akapitisha kidole kwenye utepe kama anavyokipitisha kwenye visanduku. Aliporudi alikaa kitambo akiutazama ukurasa ule. Kisha akatia sahihi chini ya andalio, bila maoni yoyote, na siku ile akaingia madarasani asubuhi na kutoka saa tisa.

Fundi alikata utepe, akagongea kitako ndani. Maneno ya ubavuni hakuyagusa. Kuanzia hapo, kila mwanzo wa muhula kabla ya wazazi kufika, darasa la tano hulipima debe kwa chupa, na jibu huandikwa ubaoni barazani kwa chaki yoyote iliyopo. Mwisho wa muhula ule ghalani hayakubaki magunia manane. Kwa kweli wiki ya mwisho makande yalikuwa na maharage mengi kuliko mahindi, na hakuna aliyetoa ushuhuda.

Vuli ikaja, ikanyesha vizuri. Mahindi yalipokomaa wazazi wakapanga foleni tena. Elikunda alikuwa ameomba zamu ile mwenyewe. Mama Niwaeli alipofika akamimina debe la kwanza, likajaa sawasawa na ukingo. Akamimina la pili, likajaa. Gunia lilikuwa bado lina kitu. Elikunda akanyoosha mkono kumzuia, akamwambia imetosha, imetimia. Mama Niwaeli akauondoa mkono ule taratibu, akamimina yaliyobaki juu ya debe mpaka yakasimama kilele, punje zikateremka pembeni na kutawanyika sakafuni.

"Haya ya juu hamkuyachukua, Mwalimu," akasema. "Nimeyaleta."

Na aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alipoona vile, alilitazama debe, akakitazama kikapu chake, akacheka, akainama na kukiinua.

Basi ninyi mnaofundisha kwa chaki nyekundu na chaki nyeupe, niambieni: katika shule yenu, ni debe gani mliloliombea ambalo watoto bado hawajaruhusiwa kulipima?